SMS, WhatsApp au Mfumo wa Shule? Ulinganisho kwa Mkuu wa Shule Anayetaka Kuamua

Kila Januari, wiki za mwanzo za muhula, ofisi ya mkuu wa shule hupokea wageni wa aina moja: vijana nadhifu wenye kompyuta mpakato, wamekuja kuonyesha mfumo. Wiki hiyohiyo mwenyekiti wa bodi anauliza kwa nini hatuna kundi la WhatsApp la wazazi kama shule jirani, na mwalimu wa taaluma ameleta barua ya kuomba projekta. Fedha iliyopo inatosha kitu kimoja, pengine nusu yake. Nimekaa kwenye kiti hicho miaka mingi, kwanza shule ya kata, kisha shule ya bweni. Uamuzi mwingine niliufanya vizuri, mwingine uligharimu pesa za wazazi na usingizi wa walimu. Ninachoandika hapa ni kwa mwalimu aliyekwama kati ya njia hizi sasa hivi.

Nitaanza na mawasiliano, kwa sababu ndiko pesa kidogo huleta mabadiliko ya haraka. Vya darasani nitavigusa baadaye.

Vipimo kwanza

Kabla hujamsikiliza muuzaji yeyote, andika vipimo vyako kwenye karatasi. Mimi natumia vitano.

Cha kwanza ni nani ataachwa nje. Wauzaji hutaja wanaofikiwa. Wewe hesabu wasiofikiwa, maana mara nyingi hao ndio walezi wa watoto ambao shule ina shida kubwa ya kuzungumza nao. Cha pili ni gharama ya mwaka mzima, pamoja na bando, laini, umeme na matengenezo. Cha tatu ni kazi inayoongezeka kwa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vya kutosha na madaftari ya kusahihisha.

Cha nne ni siri za watoto. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao tangu 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data nchini humo iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo jambo hili si la adabu tu.

Cha tano husahaulika kuliko vyote: uhamisho. Mwalimu anayekijua kifaa au mfumo akipata barua ya kuhamia wilaya nyingine, kazi itaendelea Jumatatu?

SMS za jumla

Unanunua SMS kwa mkupuo kutoka kwa mtoa huduma, unapakia namba za wazazi kutoka Excel, unaandika ujumbe mmoja na kuutuma kwa jina la shule.

*Wanaofikiwa.* Simu yoyote, hata kiswaswadu chenye kioo kilichopasuka, bila bando. Hakuna njia inayofika mbali kuliko hii. Wanaoachwa ni wasiojua kusoma, na wale ambao namba iliyo kwenye fomu si ya mtu anayeishi na mtoto. Hilo la pili ni kubwa. Muhula mzima nilituma taarifa za utoro kwa baba wa mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili. Baba alikuwa mgodini, mkoa mwingine. Mtoto alilelewa na bibi yake, mwendo wa nusu saa kutoka shuleni. Siku bibi alipokuja, alifungua pindo la khanga, akatoa simu akaiweka mezani kwangu. "Mwalimu, simu ninayo. Mbona hamkunipigia mimi?" Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya jina la baba na jina la mama. Nafasi ya mtu anayelala nyumba moja na mtoto haikuwepo. Tuliiweka wiki ileile.

*Gharama.* SMS moja hubeba herufi 160, pamoja na nafasi na vituo. Ukipita hapo, ujumbe hukatwa vipande vya herufi 153 na kila kipande hulipiwa. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba ikiingia alama moja tu iliyo nje ya herufi za kawaida za SMS, kikomo hushuka hadi 70, na vipande huwa vya 67. Emoji ni mojawapo. Nyingine ni ritifaa iliyopinda, ile ambayo Word hukuwekea yenyewe unapoandika ng'.

Tuliwahi kuwaita wazazi waje na majembe kung'oa visiki kwenye shamba la shule. Ujumbe haukufika herufi 160, lakini salio likakatwa mara tatu. Tulidhani tumeibiwa, nikapiga simu kwa hasira. Kosa lilikuwa kwenye "kung'oa": katibu muhtasi aliuandika ujumbe kwenye Word, akanakili na kubandika. Weka mfano wa wazazi 600 na bei ya shilingi 25 kwa SMS: shilingi 15,000 zinageuka 45,000 kwa alama moja. Andika ujumbe moja kwa moja kwenye ukurasa wa kutuma SMS, tumia ritifaa iliyonyooka, na angalia idadi ya vipande kabla ya kubonyeza.

*Kazi.* Kidogo sana, mtu mmoja na dakika kumi. Kazi ya kweli ni kusafisha orodha ya namba kila muhula, kwa kuwa watu hubadilisha laini.

*Siri.* Nzuri, kila mzazi hupata ujumbe wake. Ila simu za nyumbani hushikwa na wengi, kwa hiyo ugonjwa, ujauzito na nidhamu nzito haviandikwi. Mpigie mzazi au mwite.

*Uhamisho.* Haina shida kama orodha iko kwenye kompyuta ya ofisi na nywila imeandikwa mahali salama.

Udhaifu wake ni kwamba ni njia ya upande mmoja. Jina la mtumaji, ambalo haliruhusiwi kuzidi herufi 11, halijibiki. Mzazi akiuliza "mkutano ni saa ngapi?" swali lake haliendi popote. Maliza kila ujumbe kwa namba ya kupiga, na iwe laini ya shule, si yako binafsi.

Inaifaa shule yenye wazazi waliotawanyika kwa kipato na kwa umbali, na yenye matangazo machache yenye uzito: kufungua, kufunga, mkutano, utoro.

Kundi la WhatsApp

*Wanaofikiwa.* Wenye simu janja, bando na chaji. Mjini wanaweza kuwa karibu wote, kijijini ikawa robo. Lakini WhatsApp ina kitu ambacho SMS haina: sauti. Mzazi ambaye hakusoma sana, au anayesoma kwa taabu, husikiliza maelezo ya dakika moja ya mwalimu wa darasa na kujibu kwa sauti yake. Nimeona akina baba waliokuwa kimya kwenye kila kikao wakizungumza vizuri na kwa kina kwa njia hiyo, kwa kuwa hawakulazimika kuandika wala kusimama mbele za watu.

*Gharama.* Kwa shule ni bando tu. Kwa mzazi ni bando pia, na hapo tuwe waungwana. Video ya mahafali ya dakika kumi unayoirusha kundini inalipiwa na yule mama anayenunua bando la shilingi mia tano.

*Kazi.* Hapa ndipo wakuu wengi hukosea hesabu. Kundi ni la bure kwa fedha na la ghali kwa watu. Ujumbe huingia saa nne usiku, mzazi mmoja analalamikia chakula, mwingine anatangaza biashara ya vitenge, wa tatu anatuma dua, na mwalimu wa darasa anajiona analazimika kujibu yote. Dawa ipo kwenye mipangilio: ruhusu maadmini pekee kutuma, na wazazi wamwandikie mwalimu faragha. Wekeni saa za majibu, mfano kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mziandike kwenye maelezo ya kundi na kuziheshimu nyinyi wenyewe. Mkuu anayetuma maagizo kwa walimu usiku wa manane hawezi kuwaomba wazazi subira.

*Siri.* Dhaifu kuliko njia nyingine. Kwenye kundi la kawaida kila mzazi anaona namba za wenzake wote. Baya zaidi ni mazoea ya kuweka humo orodha ya wanaodaiwa ada, au picha ya karatasi ya matokeo yenye majina ya darasa zima. Mtoto aliyeshika nafasi ya mwisho anaipata habari hiyo mtaani kabla hajafika nyumbani. Tafadhali, matokeo ya mtoto yaende kwa mlezi wa mtoto huyo peke yake. Ukihitaji kundi kubwa, tumia Jumuiya (Community) ya WhatsApp, inayounganisha makundi kadhaa, ambako kwenye ukurasa wa matangazo wazazi hawaoni namba za wenzao. Kundi la kawaida nalo lina ukomo wa wanachama 1,024.

*Uhamisho.* Makundi mengi hufunguliwa kwa laini ya mwalimu. Akihama, kundi linaondoka naye au linabaki bila mwenyewe. Lifungue kwa laini ya shule na uwe na maadmini watatu.

Inalifaa darasa moja kuliko shule nzima. Kundi la wazazi 60 lenye mwalimu mwenye busara hufanya kazi ambayo kundi la watu 800 haliwezi hata likiwa na maadmini kumi.

Mfumo wa shule

Hizi ni programu zinazoshika mahudhurio, alama, ada na ripoti, na nyingi humpa mzazi ukurasa wa kuangalia taarifa za mwanawe.

*Wanaofikiwa.* Ukurasa wa mzazi huwafikia wachache kuliko wote, kwa kuwa mbali na simu janja unahitaji jina la kuingilia na nywila. Mzazi akisahau mara mbili harudi. Mfumo mzuri hutuma pia SMS: ada iliyolipwa, salio, wastani wa mtoto. Ukikosa hilo, unalipia chombo cha ofisi tu, nacho si kibaya, mradi ujue ndicho unachonunua.

*Gharama.* Kubwa, kwa kawaida kwa mwanafunzi kwa muhula au kwa mwaka. Uliza bei ya mwaka wa tatu, siyo ya kwanza. Uliza kama SMS zimo ndani. Uliza pia siku mtakayoachana itakuwaje: mtapewa taarifa zenu zote kwa Excel, bila malipo, ndani ya siku ngapi? Jibu hilo liwe kwenye mkataba.

*Kazi.* Mwanzoni inaongezeka, baadaye inapungua, hasa kwenye ripoti. Kujaza ripoti za wanafunzi 500 kwa mkono, kujumlisha wastani na kupanga nafasi ni wiki nzima ya walimu; mfumo hufanya hivyo kwa asubuhi moja alama zikishaingizwa. Kwa mhasibu wa shule yenye ada faida ni kubwa zaidi, kwa sababu ugomvi wa "nililipa, risiti imepotea" huisha. Shule za umma ziwe na tahadhari. Taarifa nyingi tayari tunaziingiza kwenye mifumo ya Serikali, kama SIS na PReM kwa Tanzania, na NEMIS imekuwa mzigo huohuo kwa wenzetu wa Kenya. Mfumo mwingine maana yake ni kuingiza jina lilelile mara mbili.

*Siri.* Inaweza kuwa bora kuliko zote au mbovu kuliko zote. Bora ikiwa kila mwalimu ana akaunti yake na anaona darasa lake tu. Mbovu ikiwa walimu wote wanatumia nywila moja iliyobandikwa ukutani ofisini.

*Uhamisho.* Nilifika shule moja nikakuta mwalimu wa TEHAMA amehama wiki tatu kabla. Mfumo ulikuwepo, alama za muhula mzima zilikuwa ndani, na akaunti kuu ilikuwa kwenye barua pepe yake binafsi. Yeye hakuwa na ubaya, aliturudishia kila kitu. Lakini ripoti zilichelewa, na wazazi waliosafiri toka mbali siku ya kufunga shule walirudi mikono mitupu. Barua pepe ya mfumo iwe ya shule, na watu wawili wawe na uwezo wa kuingia.

Inaifaa shule yenye ada, wanafunzi wengi, umeme wa uhakika na mtu wa ofisi ambaye kazi hiyo ni yake. Kabla ya kusaini, mwambie muuzaji aingize alama za darasa moja zima hapo ofisini kwako, kwa bando lako, saa za kazi. Dakika arobaini hizo zitakueleza zaidi ya maelezo yake yote.

Na darasani je?

Vipimo ni vilevile, nikiongeza umeme. Kumbuka pia kwamba wanafunzi wetu wa msingi na sekondari hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo somo lolote linalotegemea simu ya mwanafunzi limeshakwama.

Projekta humfikia kila mtoto aliye darasani kwa wakati mmoja, na hilo ni jambo kubwa kwa darasa la watoto 80. Mwalimu wa Biolojia akionyesha moyo unavyosukuma damu, hahitaji kuuchora ubaoni kwa nusu ya kipindi. Shida yake ni mwanga. Siku ya kwanza tuliyojaribu, jua la saa tano liliifuta picha kabisa. Walimu wa kike wakavua mitandio, tukaning'iniza na khanga dirishani, na kwa dakika ishirini darasa likawa giza na moto kama tanuri. Watoto hawakulalamika, walisogea mbele. Projekta hula wati 200 hadi 300. Runinga bapa ya inchi 43 hula chini ya 100, inaonekana mchana, na haina taa ya kubadilisha, lakini walioko nyuma wanaona kwa shida. Kwa darasa la watu 40 chagua runinga, kwa ukumbi wa 100 wenye mapazia chagua projekta. Zote mbili zinamfaa mwalimu anayeandaa somo mapema. Asiyeandaa ataonyesha kurasa za kitabu ukutani.

Vishikwambi vya wanafunzi humpa mtoto nafasi ya kwenda kwa mwendo wake, na kwa madarasa ya chini yenye kujifunza kusoma hiyo ni nguvu halisi. Lakini vinahitaji kuchajiwa, kufungiwa, kuhesabiwa na kutengenezwa. Kenya ilianza kugawa vifaa kwa shule za msingi mwaka 2016, vikazidi milioni moja, na ikaonekana kwamba kifaa kinachoogopwa kuibiwa hukaa kabatini. Kwa Tanzania nasema hivi: hesabu vilivyopo kwanza. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Kikiwa na vitabu vya kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kishikwambi hicho ni msaada wa maandalizi ambao tayari umelipiwa. Swali la mkuu wa shule ni kama kila mwalimu ameonyeshwa namna ya kupakua.

Maktaba isiyotegemea intaneti ndiyo ninayoona inadharauliwa bila sababu. Programu kama Kolibri huwekwa kwenye kompyuta moja. Masomo, video na mazoezi hupakuliwa mara moja tu, mjini kwenye mtandao wa kasi, kisha kompyuta hurudi shuleni na kuyagawa kwa kompyuta nyingine kupitia ruta, bila bando. Kompyuta ndogo inayotosha kazi hiyo hula umeme kidogo kuliko balbu nyingi za zamani, na paneli moja ya sola inaibeba. Mipaka yake ni miwili. Maudhui mengi ni ya Kiingereza, ingawa ya Kiswahili yapo. Na hayakutungwa kwa mtaala wetu, hasa huu ulioboreshwa tulioanza kuutekeleza Januari 2024. Lazima mwalimu wa somo akae, achague, na kupanga kipi kiende na mada ipi. Bila mwalimu huyo usiiweke.

Redio nisiipite kimya. Shule zilipofungwa mwaka 2020, ndiyo iliyoingia nyumba nyingi ambazo intaneti haikuingia.

Kulingana na hali yako

Kama ni shule ya msingi kijijini, wazazi wengi wana viswaswadu na wanaishi karibu: SMS za jumla kwa mambo makubwa, barua inayopelekwa nyumbani na mtoto kwa mengine, na simu ya kupiga kwa mlezi asiyesoma. Pesa ya darasani iende kwenye sola na maktaba ya nje ya mtandao kabla ya projekta.

Kama ni sekondari ya kutwa mjini: makundi ya WhatsApp ya darasa kwa darasa, maadmini pekee wakitangaza, na SMS za utoro zitumwe siku hiyohiyo kabla ya saa nne asubuhi, wakati mzazi bado anaweza kumtafuta mtoto.

Kama ni bweni na wazazi wako mikoani: SMS haiachwi, lakini sauti ya matroni au patroni kwenye kundi jioni ya Jumapili hutuliza mioyo kuliko tangazo lolote. Mfumo unafaa ikiwa ada inaingia kwa awamu.

Kama ni shule binafsi yenye wanafunzi zaidi ya 400 na mhasibu wa kudumu: mfumo, kwa mkataba wa mwaka mmoja kwanza, ukianza na ada na ripoti tu. Mahudhurio yafuate mwaka wa pili.

Kama umehamia shule hiyo mwezi huu, usinunue chochote muhula huu. Pitisha karatasi moja kwa kila mwanafunzi, yenye maswali manne: unaishi na nani, namba yake ipi, simu yake ni janja au ya kawaida, na anasoma Kiswahili vizuri au ungependa tumpigie. Walimu wa madarasa wakusanye ndani ya wiki moja. Kisha piga namba kumi za bahati nasibu wewe mwenyewe, ujitambulishe, uulize hali ya nyumbani, na uandike pembeni ni nani aliyepokea.